RTX 5090: Kumbukumbu imeongezewa kasi kwa asilimia 78, mbona fremu zimepanda kwa takribani asilimia 30 tu?

#1 Kipimo

Habari wakuu. Tangu RTX 5090, kadi ya michoro ya NVIDIA, ilipotoka Januari 2025 nimekuwa nikisoma kila jaribio linaloilinganisha na RTX 4090 ya Oktoba 2022, na kuna hesabu moja ninayoona haikai sawa. Kadi ya zamani ina kumbukumbu ya GB 24 inayopitisha GB 1,008 za data kwa sekunde, ilhali mpya ina GB 32 zinazopitisha GB 1,792 kwa sekunde. Hilo ni ongezeko la asilimia 78. Kore za CUDA, yaani vikokotozi vidogo vya kadi, zimetoka 16,384 hadi 21,760, yaani asilimia 33 zaidi, na umeme umepanda kutoka wati 450 hadi 575, ambayo ni karibu asilimia 28. Hata hivyo, ukifungua gemu nzito kwenye 4K bila kuzalisha fremu (picha) za ziada kwa akili bandia, kadi mpya huishinda ya zamani kwa takribani asilimia 30, na mara nyingine chini ya hapo.

Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hili imenunuliwa kwa umeme, na kwamba anayeipima kadi hii kwa kutazama mstari upi ni mrefu kwenye mchoro anaacha swali lenyewe pembeni. Nawaomba wenye ujuzi mnieleze ile asilimia 78 imeishia wapi, na pia tujadili kadi ya daraja hili inapaswa kupimwa kwa njia gani.

#2 Shina

Jibu liko kiwandani. Chipu ya RTX 3090, kadi iliyoitangulia 4090, ilitengenezwa na Samsung kwa mchakato wa nanomita 8, ikabeba transista bilioni 28.3 katika milimita za mraba 628. Chipu ya 4090 ilihamia kiwanda cha TSMC kwenye mchakato uitwao 4N, na kwa eneo dogo zaidi, milimita za mraba 608, ikabeba transista bilioni 76.3. Masafa rasmi, yaani mwendo wa chipu, nayo yalipanda kutoka GHz 1.70 hadi GHz 2.52. Ule mruko uliotushangaza sote mwaka 2022 ulitoka huko.

Safari hii NVIDIA wamebaki kwenye familia ileile ya mchakato. Transista zilipokosa kupungua ukubwa, njia iliyobaki ilikuwa kuipanua chipu hadi milimita za mraba 750, kuweka transista bilioni 92.2, na kutafuta umeme wa kuzilisha zote. Kwa hiyo nakubaliana na dai la mleta uzi, ila siwalaumu wahandisi.

#3 BintiKodi

Nakuunga mkono nusu, Shina, kwa sababu maelezo ya kiwanda hayajibu swali la kumbukumbu. Tuanze na hesabu ndogo. Kore zimeongezeka kwa asilimia 33, lakini masafa rasmi yameshuka kidogo, kutoka GHz 2.52 hadi GHz 2.41. Ukizidisha viwili hivyo unapata uwezo wa kukokotoa ulioongezeka kwa takribani asilimia 27. Ukiiona 5090 inaongoza kwa asilimia 30, basi hakuna kilichopotea hata kidogo. Kadi inatoa kile ambacho kore zake zinaweza kutoa, pamoja na nyongeza kidogo juu yake.

Sasa kuhusu kumbukumbu, tazameni kizazi kilichotangulia. RTX 3090 ilipitisha GB 936 kwa sekunde, na 4090 ikapitisha 1,008, ongezeko lisilofika asilimia 8. Mbona basi 4090 iliiacha 3090 mbali kiasi kile? Kwa sababu kache ya L2 (kumbukumbu ndogo ya ndani ya chipu) ilitoka MB 6 hadi MB 72, na data nyingi ambayo zamani ililazimika kufuatwa kwenye kumbukumbu ya nje ikawa inapatikana ndani ya chipu yenyewe. Tangu hapo kumbukumbu ya nje iliacha kuwa kikwazo kikuu kwa gemu nyingi. Ukipanua barabara ambayo haikuwa na msongamano, magari hayafiki mapema zaidi.

#4 Mkongwe wa Prosesa

Wote mnaizungumzia kadi kana kwamba inafanya kazi peke yake. Kila fremu huanzia kwenye prosesa, ambayo hukokotoa mahali alipo kila mhusika, migongano ya vitu na orodha ya vitu vya kuchorwa, kisha ndipo kadi inapewa kazi. Prosesa ikichukua milisekunde 9 kuandaa fremu moja, hakuna kadi duniani itakayovuka fremu 111 kwa sekunde kwenye tukio hilo.

Ndiyo maana majaribio ya 1080p huonyesha tofauti ndogo sana kati ya kadi hizi mbili. 1080p ina pikseli 2,073,600 na 4K ina pikseli 8,294,400, mara nne kamili. Mwenye kutaka kujua kikwazo chake kiko wapi ashushe ubora kutoka 4K hadi 1080p akiwa amesimama mahali palepale ndani ya gemu. Fremu zisipopanda, tatizo haliko kwenye kadi. Nimeona watu wakiilaumu 5090 kwenye masoko ya mijini ndani ya gemu, penye umati mkubwa wa watu, ilhali kipimo cha matumizi ya kadi kinaonyesha asilimia 65 na kore moja ya prosesa imejaa hadi mwisho. Nadhani majaribio kadhaa ya 4K yenyewe yana vipande vya namna hiyo, na vipande hivyo huushusha wastani wa kadi mpya.

#5 Wimbi

Nawashangaa mnavyohangaika na asilimia 30. Washeni DLSS 4, teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha kwa akili bandia, pamoja na uzalishaji wa fremu nyingi, kadi inaongeza hadi fremu tatu kwa kila fremu moja iliyochorwa. Mimi nina monita ya 240 Hz na sasa naijaza. Kwa mtumiaji wa kawaida hilo ndilo ongezeko halisi, na 4090 hailiwezi.

#6 BintiKodi

Wimbi, fremu zinazozalishwa ni kitu kizuri, lakini haziwezi kuwekwa kwenye safu moja na fremu zilizochorwa. Fikiria gemu inayochorwa kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 16.7. Ili kadi itengeneze picha za katikati, ni lazima iwe na fremu ya mwanzo na ya mwisho mkononi, kwa hiyo fremu ya mwisho inashikiliwa kwanza badala ya kuonyeshwa papo hapo. Skrini inaonyesha picha 240, huku gemu ikisoma mkono wako mara 60 zilezile, na kwa kuchelewa kidogo kuliko awali. Zaidi ya hapo, kazi ya kuzalisha picha inakula sehemu ya muda wa kadi, hivyo zile 60 zenyewe hupungua.

Januari 2025 Jensen Huang, mkuu wa NVIDIA, alisema jukwaani kwamba RTX 5070 ingetoa utendaji wa 4090. Hiyo 5070 ina kore 6,144 na kumbukumbu ya GB 12. Kauli kama hiyo inawezekana tu pale fremu za kuzalishwa zinapohesabiwa kuwa sawa na nyingine, na ndiyo sababu nasisitiza zitenganishwe katika kila jaribio.

#7 Nuru ya Skrini

Naomba nisimame katikati ya Wimbi na BintiKodi. Kwenye monita ya kasi, mwendo wa picha 240 ni laini machoni hata kama mkono unasomwa mara 60, hasa unapogeuza kamera taratibu kwenye gemu ya kuzunguka na kutazama mandhari. Reflex ya NVIDIA nayo hupunguza foleni kati ya prosesa na kadi, hivyo sehemu ya ucheleweshaji hufidiwa. Kwa gemu za ushindani nisingeiwasha kabisa. Kipimo changu ni kwamba fremu za msingi zisiwe chini ya 60; zikiwa 30, kingo za mhusika zinaanza kuyeyuka anapopita mbele ya uzio au majani, na mkono unahisi uzito ambao hakuna picha ya ziada inayoweza kuuondoa.

#8 Msomaji Kimya

Sahihisho moja kwa manufaa ya wanaosoma bila kuchangia. Wimbi amesema 4090 hailiwezi hilo, na watu wanaweza kuelewa kwamba DLSS 4 yote ni ya mfululizo wa 50 (kadi za RTX 50, kama 5090). Si hivyo. Uzalishaji wa fremu mbili au tatu za ziada ndio uliowekewa mfululizo wa 50 pekee. RTX 4090 huzalisha fremu moja ya ziada kwa kila fremu iliyochorwa. Modeli mpya ya kukuza picha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo zawadi kubwa zaidi ya DLSS 4, hufanya kazi kwenye kadi zote za RTX kuanzia mfululizo wa 20.

#9 FundiUmeme

Mleta uzi ametaja umeme, kisha mkaukimbia. Kadi ya wati 575 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 48. Konekta yake ina pini sita za kupeleka umeme na sita za kurudisha, kwa hiyo kila waya ukibeba sehemu sawa ni ampea 8, kwenye pini ambazo kikomo chake ni takribani ampea 9. Linganisheni na konekta ya zamani ya pini nane, iliyoruhusiwa wati 150 kwa nyaya tatu, ambapo kila waya ulibeba kama ampea 4. Nafasi ya usalama iliyokuwapo zamani imeliwa karibu yote.

Sharti kubwa ni lile neno "sawa". Taarifa za konekta kuyeyuka zilianza na 4090 mwishoni mwa 2022. Mwaka 2023 konekta ikarekebishwa na kuitwa 12V-2x6, pini ndogo za ishara zikafupishwa ili kadi isiwake kama plagi haijaingia hadi mwisho. Rekebisho hilo ni jema, lakini halihusiani na mgawanyo wa umeme kati ya nyaya. Anayepima 5090 bila kupima nyaya zake amepima nusu ya kifaa.

#10 Wimbi

FundiUmeme, hakuna waya utakaopita mbele yako bila kupimwa. Lakini nilidhani zile pini nne ndogo ndizo zinazosawazisha umeme?

#11 FundiUmeme

Hapana, Wimbi. Kazi yake ni kuiambia kadi kwamba pawasaplai inaruhusu wati ngapi na kwamba plagi imeingia. Usawa wa nyaya hutegemea ukinzani wa kila mguso: pini iliyolegea au yenye uchafu inapitisha umeme kidogo, na nyingine zinabeba mzigo wake. RTX 3090 Ti ilizigawa nyaya katika makundi matatu, kila kundi likiwa na kipimo chake, hivyo kadi iliweza kutambua kundi lililokosa umeme. Kwenye 4090 na 5090 za NVIDIA nyaya zote huunganishwa pamoja mara tu zinapoingia kwenye ubao, na kadi haina njia ya kujua waya mmoja umebeba nini.

Namna ninavyofanya mimi ni hii. Naiweka kadi kwenye kazi nzito hadi joto litulie, kisha nazitenganisha nyaya sita kwa upole karibu na pawasaplai bila kukunja karibu na plagi, na kuubana kila waya kwa ampea mita ya koleo inayoweza kusoma umeme wa moja kwa moja. Zikisoma kati ya 7 na 9 nalala vizuri. Waya mmoja ukisoma 3 na wa jirani 12, nazima kompyuta, nachomoa plagi na kuichomeka upya hadi isikike ikibana, na nikiona hali imebaki vilevile nabadilisha kebo nzima.

#12 Kipimo

Nashukuru, Fundi. Naona tumepata maelezo matatu ya swali langu: mchakato wa kiwanda, hesabu ya kore na masafa, na prosesa. Naona hayapingani, lakini hakuna aliyejibu kwa nini NVIDIA wangetumia njia ya biti 512 na kumbukumbu mpya ya GDDR7 kama gemu hazikuihitaji. Kupanua njia ya kumbukumbu kunakula eneo la chipu na kunafanya ubao uwe mgumu kusanifu. Hakuna anayefanya hivyo bila sababu.

#13 Mhariri wa Video

Sababu ipo, ila haiko kwenye gemu. Chipu ya 5090, iitwayo GB202, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye RTX PRO 6000 Blackwell, kadi ya kazi za kitaalamu yenye GB 96 na kore 24,064. Mimi hutumia 5090 kuhariri video na kuendesha modeli za lugha kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Modeli inapoandika maandishi, inalazimika kupitia uzito wake wote kwenye kumbukumbu kwa kila tokeni (kipande cha neno) inayotoa, kwa hiyo kasi yake inafuata kasi ya kumbukumbu karibu hatua kwa hatua. Huko ile asilimia 78 inaonekana kwa sehemu kubwa, na GB 32 zinaruhusu modeli ambayo haikuenea kwenye 24. Wachezaji wa gemu wamepewa chipu iliyosanifiwa kwa kazi nyingine, na wanaipima kwa kile ambacho haikulengwa.

#14 Shina

Hapo nakupinga kidogo, mkuu. Chipu kubwa za NVIDIA zimetumika pande zote mbili kwa miaka mingi, na hilo halikuzuia 4090 kuwa na mruko mkubwa kwenye gemu. Isitoshe, ufuatiliaji wa miale kwa njia kamili (kuchora mwanga kwa kufuata miale yake) hutawanya maombi ya kumbukumbu ovyo, kache haisaidii sana, na huko kasi ya kumbukumbu inaweza kuwa na thamani ambayo majaribio ya gemu za kawaida hayaionyeshi. Naamini njia ya biti 512 ni akiba kwa gemu zijazo.

#15 BintiKodi

"Akiba kwa gemu zijazo" ni hoja ambayo haiwezi kupimwa leo, Shina, na tunayoizungumzia ni tathmini ya leo.

Kuhusu GB 32, tahadhari nyingine. Programu za kupimia huonyesha kumbukumbu iliyotengwa na gemu, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko inayohitajika kweli. Gemu ikiona nafasi inajaza, kama tahadhari. Mtu akiona GB 20 zimetumika asihitimishe kwamba kadi ya GB 16 ingeshindwa. Dalili ya kushindwa ni muda wa fremu kuruka ghafla na picha za nyuso za vitu kubaki na ukungu.

#16 Saa ya Ukutani

Neno la muda wa fremu limenitoa mafichoni. Wastani wa fremu kwa sekunde huficha maumivu. Chukueni sekunde moja yenye fremu 100, ambapo 99 zimechukua milisekunde 9 kila moja na moja imechukua milisekunde 109. Jumla ni sekunde kamili, wastani ni fremu 100, na mchezaji amehisi picha ikiganda waziwazi. Ndiyo maana natazama kwanza asilimia moja ya chini (fremu zilizo polepole zaidi), kisha mchoro wa muda wa fremu moja baada ya nyingine, na wastani ninauacha mwisho.

Kuna mambo mawili ambayo wapimaji wengi wa nyumbani huyasahau. La kwanza ni kuipasha kadi joto kabla ya kuanza kurekodi, kwa sababu kadi baridi hukimbia kwa masafa ya juu ambayo haitayashikilia ikishapata moto. La pili ni kutupa mzunguko wa kwanza wa jaribio, kwani gemu huweza kuwa bado inaandaa programu ndogo za uchoraji, na mikwamo inayotokea hapo ni ya gemu yenyewe. Nimeona mtu akisifu kadi mpya kwamba imeondoa mikwamo, kumbe kadi ya zamani aliipima mzunguko wa kwanza na mpya akaipima wa pili.

#17 Hewa Safi

Hakuna aliyegusa joto na sauti. Wati zote 575 huishia kuwa joto ndani ya chumba. Kadi ya NVIDIA yenyewe imebanwa kwenye unene wa nafasi mbili, ina ubao mdogo katikati na feni mbili zinazopitisha hewa moja kwa moja kupita kwenye mapezi. Ni kazi ya uhandisi ninayoiheshimu sana, lakini hewa hiyo ya moto hutoka juu ya kadi, mahali ambapo feni ya prosesa inavuta hewa yake. Kwangu prosesa ilipata joto zaidi baada ya kuweka kadi ya mtindo huo, na masafa yake yakashuka kidogo kwenye gemu ndefu. Kwa hiyo Mkongwe wa Prosesa anaweza kuwa na hoja kwa njia ambayo hakuitaja: kadi mpya inaweza kuipunguza kasi prosesa ileile inayotakiwa kuilisha.

#18 Mkongwe wa Prosesa

Hilo naliunga mkono kwa nguvu zote. Majaribio yanayofanywa kwenye meza ya wazi hayaonyeshi hali hiyo. Kadi ya daraja hili ipimwe ndani ya kasha lililofungwa, kwa saa nzima ya mchezo.

#19 Kasha Dogo

Kwa wanaouliza kuhusu umeme: shusheni kikomo cha wati. Mimi hukaa karibu na wati 450, na bado kadi inaipita 4090 iliyo kwenye kiwango chake cha kawaida, japo pengo linakuwa dogo. Chipu pana ikienda taratibu hutumia umeme vizuri kuliko chipu nyembamba inayosukumwa. Hapo ndipo nasema dai la mleta uzi lina ukweli, ila halijakamilika, kwa sababu kama ongezeko lote lingekuwa la umeme, kwenye wati sawa kadi hizi zingelingana.

Kuhusu pawasaplai, NVIDIA wanapendekeza wati 1,000. Pawasaplai yangu ya awali ilikuwa na wati za kutosha kwenye karatasi lakini kompyuta ilikuwa ikizimika katikati ya mchezo, kwa sababu kadi hizi huvuta umeme kwa miruko mifupi sana inayopita kiwango cha wastani. Kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 zinaitaka pawasaplai ivumilie mruko wa asilimia 200 kwa mikrosekunde 100. Tazameni kanuni hiyo kabla ya kutazama idadi ya wati.

#20 Msomaji Kimya

Kabla ya kulinganisha kadi yoyote, fungueni GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, na mtazame idadi ya ROP, yaani vitengo vinavyokamilisha pikseli. 5090 inapaswa kuwa na 176. Februari 2025 NVIDIA walithibitisha kwamba takribani nusu ya asilimia moja ya kadi zilizotoka zilikuwa na upungufu wa kiwandani, 5090 zikibaki na 168, na kwamba athari yake kwa wastani ni asilimia 4. Asilimia 4 ni ndogo machoni, lakini katika mjadala wa asilimia 27 dhidi ya 30 inatosha kugeuza hitimisho lote.

#21 Gemu za Kale

Naongeza jambo ambalo wapimaji wengi hawalipimi kabisa. Mfululizo wa 50 ulitoka bila kuunga mkono PhysX ya biti 32 (mfumo wa NVIDIA wa kukokotoa mwendo wa vitu ndani ya gemu), kwa hiyo gemu za zamani zenye moshi, vioo na vitambaa vinavyopasuka, Mirror's Edge ikiwa mojawapo, zilirudishiwa kazi hiyo kwenye prosesa na fremu zikaporomoka. Kadi yenye nguvu kuliko zote kushindwa na gemu ya miaka ya 2000 ni jambo linalostahili kuandikwa kwenye kila tathmini.

#22 Nuru ya Skrini

Taarifa hiyo inahitaji nyongeza. Desemba 2025 draiva ya NVIDIA ilirudisha uungaji mkono huo kwa orodha ya gemu teule, na Mirror's Edge imo. Ambazo hazimo kwenye orodha bado zina tatizo ulilolitaja.

#23 Gemu za Kale

Nashukuru. Basi hoja inabaki kwa zile zilizoachwa nje, na anayezipenda aangalie jina la gemu yake kwanza.

#24 Kipimo

Tukirudi kwenye swali, nadhani tunaweza kulijaribu badala ya kubishana. Mwenye 5090 ashushe kasi ya kumbukumbu kwa asilimia 10, aache kila kitu kingine, arudie tukio lilelile la 4K. Fremu zikishuka kwa asilimia 1 au 2, BintiKodi yuko sahihi na kumbukumbu si kikwazo. Zikishuka kwa 6 au 7, Shina ana hoja.

#25 Kasha Dogo

Jaribio ni zuri, ila lina mtego. Kumbukumbu na chipu hugawana kikomo kimoja cha wati. Ukishusha kumbukumbu, wati zilizookolewa huenda kwenye chipu, masafa yake yanapanda, na hasara ya kumbukumbu inafichwa. Funga kwanza masafa ya chipu kwenye kiwango kimoja cha chini, kwa mfano GHz 2.3, ambapo kadi haigusi kikomo cha umeme hata kidogo.

#26 Shina

Ukifunga masafa ya chipu chini, umepunguza mahitaji yake ya data, na jibu litaelemea upande wa BintiKodi hata kabla ya kuanza. Napendekeza lifanywe mara mbili, mara moja kwa masafa yaliyofungwa na mara moja bila kufungwa, na angalau tukio moja liwe la ufuatiliaji kamili wa miale.

#27 BintiKodi

Nakubali masharti hayo, mradi matokeo yaletwe na muda wa fremu kama alivyoeleza Saa ya Ukutani, na prosesa iwe imethibitishwa kuwa haijajaa. Mhariri wa Video, wewe unayo kadi. Unaweza kuanza na tukio lipi?

#28 Mhariri wa Video

Nitaanza na yote mawili, la kawaida na la miale, ndani ya kasha lililofungwa. FundiUmeme, nitakuletea pia usomaji wa nyaya zote sita katika kila hatua, kwa sababu sijawahi kuupima kwenye kadi hii.